Ngoma za jadi za Wazaramo

Ngoma za jadi za Wazaramo ni jumla ya nyimbo, midundo na michezo ya asili ya Wazaramo, kabila la Kibantu linaloishi katika Mkoa wa Pwani na jiji la Dar es Salaam, mashariki mwa Tanzania. Zinachezwa hasa katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, ambako Wazaramo wanaishi pamoja na majirani zao Wakwere, pamoja na maeneo ya Mkuranga, Bagamoyo na vitongoji vya Dar es Salaam.

Zinazojulikana zaidi ni mdundiko, ngoma ya mkole na ngoma nyingine za kumcheza mwali, nyimbo za jando, na madogoli ambayo ni ngoma ya uganga. Baadhi ya ngoma hizo zimechangia kuzaliwa kwa mitindo ya muziki wa mjini kama vile mchiriku na singeli.

Maana ya neno ngoma

Katika Kiswahili na Kizaramo, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Kwanza ni ala yenyewe, yaani mzinga wa mti uliochimbwa ndani na kuwambwa ngozi. Pili ni uchezaji na uimbaji unaofuata mdundo wa ala hiyo. Tatu ni shughuli nzima: mtu akisema "kwa fulani kuna ngoma", anamaanisha kuna sherehe, chakula, wageni na jambo la ukoo linalotimizwa. Kwa sababu hiyo, ngoma za Wazaramo haziwezi kuelezwa kama muziki peke yake. Karibu kila moja ina tukio lake, wahusika wake na wakati wake.

Watu na mazingira

Wazaramo wana uhusiano wa karibu wa lugha na utamaduni na Wakwere, Wakutu, Wakami na Waluguru. Makabila hayo yote hufuata ukoo wa upande wa mama. Mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya ndoa, malezi na mirathi. Utaratibu huo unaeleza kwa nini ngoma za wasichana zilipewa uzito mkubwa: msichana anapovunja ungo, ukoo mzima hupata mlango mpya wa kuendelea.

Wilaya ya Kisarawe iko kusini-magharibi mwa Dar es Salaam, ikianzia kwenye vilima vya Pugu na misitu ya Kazimzumbwi hadi vijiji vya ndani kama Maneromango na Mzenga. Kibaha iko magharibi mwa jiji, kando ya barabara kuu ya Morogoro, na mji wake ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Mlandizi, Ruvu, Soga na Kwala ni miongoni mwa maeneo yake. Wakazi wa vijiji vya wilaya hizo wamekuwa wakilima muhogo, mpunga, mahindi, minazi, mikorosho na michungwa.

Kilimo ndicho kilichopanga kalenda ya ngoma. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, watu huwa mashambani na njia hazipitiki kwa urahisi. Ngoma kubwa huanza baada ya mavuno, chakula kinapokuwa ghalani na usiku ukiwa mkavu. Kwa kuwa Wazaramo wengi ni Waislamu, mwezi wa Ramadhani huwa kimya, na shughuli nyingi huwekwa kabla yake au baada ya Idi. Siku hizi kalenda ya shule nayo imeongezeka: likizo za Juni na Desemba ndizo zinazopendelewa kwa jando na kumtoa mwali.

Ala za muziki

Ngoma ndiyo ala kuu. Kundi la wapigaji huwa na ngoma za ukubwa tofauti, na kila moja ina kazi yake:

- Vumi ni ngoma kubwa yenye sauti nzito. Hushika msingi wa mdundo.
- Chapuo ni ngoma ndogo yenye sauti kali. Hupigwa kwa haraka na bila kubadilika sana, na wapigaji wengine hujipima kwayo.
- Msondo ni ngoma ndefu inayosimamishwa. Katika mwambao jina lake limehusishwa kwa muda mrefu na shughuli za unyago.

Mzinga wa ngoma huchongwa kutoka katika gogo la mti mgumu. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe hutumika kwa ngoma kubwa, na ngozi ya kenge kwa baadhi ya ngoma ndogo. Kabla ya kupigwa, ngoma huoteshwa moto wa nyasi au makuti makavu ili ngozi ikaze na sauti ipande. Usiku unapoingia na umande kuanguka, ngozi hulegea. Ndiyo maana katika ngoma ya kukesha kuna moto pembeni, na wapigaji hupumzika mara kwa mara ili kuzikausha tena.

Ala nyingine ni manyanga yanayotikiswa, kayamba, njuga zinazofungwa miguuni na malimba yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Makofi na vigelegele vya wanawake ni sehemu ya muziki, si mapambo tu, kwa kuwa ndivyo vinavyomwambia mpigaji kwamba mdundo umekolea.

Mpigaji hodari huitwa sogora, na kiongozi wa nyimbo huitwa manju. Manju huanza kwa mstari mmoja na wengine huitikia. Mstari wa kuitikia haubadiliki, lakini manju ana uhuru wa kuongeza maneno yake: kumsifu mwenye shughuli, kumkumbuka marehemu, kumkejeli mtu aliyekataa kuchangia, au kusema kwa mafumbo jambo ambalo halisemwi mchana. Katika midundo mingi, hesabu ya mbili na ya tatu hupishana kwa wakati mmoja, na mchezaji hufuata moja kwa miguu na nyingine kwa nyonga.

Mdundiko

Mdundiko ni ngoma inayotembea. Haina uwanja maalumu: huanzia nyumbani kwa mwenye shughuli, huzunguka kijiji au mtaa, na kurudi ilikoanzia. Wapigaji hubeba ngoma zao kwa mikanda shingoni au begani, huku umati ukiwafuata kwa hatua fupi za kukokota miguu na kukata kiuno. Kadiri safari inavyoendelea, watu wanatoka majumbani na kujiunga, hata wasiojua shughuli ni ya nani.

Kwa asili mdundiko ulitangaza jambo lililokamilika: mwali ametoka ndani, vijana wamerudi kutoka jandoni, au harusi imefungwa. Kwa kupita mlango kwa mlango, ukoo uliwajulisha majirani kwamba mtoto wao sasa ni mtu mzima. Ulikuwa kama tangazo linalosikika kabla ya kuonekana.

Mdundiko ulipoingia mitaa ya Dar es Salaam ulibadilika. Kijijini, waliofuata ngoma walijuana na njia ilikuwa inajulikana. Mjini, umati huwa wa wageni kwa wageni, na safari inaweza kuvuka mitaa kadhaa. Habari za watoto waliofuata mdundiko hadi wakapotea ni jambo linalozungumzwa sana mjini. Wizi na ugomvi katika umati, pamoja na nyimbo za matusi za usiku, vimefanya viongozi wa mitaa na polisi wauwekee masharti ya kibali na saa, na mara nyingine kuuzuia. Wazee wanaotetea mdundiko husema matusi hayo si mageni, kwani baadhi ya nyimbo za unyago hutaja mambo ya mwili waziwazi. Tofauti ni kwamba nyimbo hizo ziliimbwa ndani, mbele ya wahusika tu, na kwa ajili ya kufundisha.

Ngoma za mwali

Msichana aliyevunja ungo huitwa mwali. Zamani alitengwa ndani ya nyumba kwa miezi mingi, na hata zaidi ya mwaka, asionekane na wanaume. Katika kipindi hicho alifundishwa na wanawake wazima, wakiongozwa na kungwi au somo wake, kuhusu usafi, heshima kwa wakubwa, ndoa, uzazi na siri za nyumba. Mafundisho mengi yalitolewa kwa njia ya wimbo na mchezo: kila wimbo ulikuwa na maana iliyofichwa, na mwali alitakiwa kuielewa na kuikumbuka.

Kilele cha mafundisho hayo ni ngoma ya mkole, iliyopewa jina la mti wa mkole unaoota porini. Mwali hupelekwa na wanawake chini ya mti huo, ambao ni ishara ya uzazi na mwendelezo wa ukoo. Nyimbo huimbwa, mafumbo hufafanuliwa na mwali hucheza mbele ya waliomtangulia. Wanaume hawaruhusiwi kukaribia. Kama ilivyo kwa unyago wa makabila mengine ya pwani, maneno ya ngoma hii hayasemwi nje ya mkusanyiko wake.

Siku ya kutoka, mwali huogeshwa, hupakwa mafuta, huvishwa kanga mpya na shanga, kisha hubebwa mabegani na kuonyeshwa hadharani. Hapo ndipo ngoma inapofunguliwa kwa watu wote. Ndugu humtuza kwa fedha na nguo, wajomba na mashangazi hushindana kucheza, na mdundiko huanza safari yake.

Mwanahiti

Mwanahiti ni kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, na kichwa chenye nywele zilizogawanywa pande mbili. Mwali alipewa mwanahiti wakati wa kutengwa kwake. Alimwogesha, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto, ikiwa ni mazoezi na pia dua ya uzazi. Pale ambapo hapakuwa na kinyago, kibuyu kidogo au gunzi la muhindi vilitumika badala yake. Umbo hilohilo linaonekana kwenye bakora za wakuu wa ukoo, vifuniko vya vibuyu vya dawa na nguzo za makaburi ya zamani. Leo vinyago vingi vya mwanahiti vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, vikiwa vimetengana na nyimbo zilizovipa maana.

Jando

Wavulana waliingia jandoni, katika kambi iliyojengwa mbali kidogo na makazi. Ngariba aliwatahiri, na hadi walipopona walikaa huko wakifundishwa uvumilivu, adabu na wajibu wa mwanamume. Usiku waliimba nyimbo za jando kuzunguka moto. Ngoma ya siku ya kwanza ilipigwa kwa nguvu ili sauti ya kilio isifike kwa akina mama. Ngoma ya siku ya kutoka ilikuwa ya furaha na iliunganisha koo zote zilizopeleka watoto.

Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini au katika zahanati. Familia nyingi hufanya sherehe fupi ya ngoma au maulidi mtoto anapopona. Hatari ya vidonda na maambukizi imepungua, ila mafunzo ya kambini yamebaki bila mahali pake.

Madogoli na ngoma za uganga

Madogoli ni ngoma ya tiba. Huchezwa kwa mgonjwa anayeaminika kusumbuliwa na pepo au mzimu, hasa maradhi yanapokuwa yameshindikana kwa dawa za kawaida. Mganga na wasaidizi wake hupiga ngoma na manyanga kwa saa nyingi, wakibadilisha midundo hadi upatikane ule unaomgusa mgonjwa. Anapoanza kutikisika na kucheza, huulizwa maswali, na anayejibu huaminika kuwa ni pepo mwenyewe, akieleza anachotaka.

Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliishi miaka ya 1960 katika kijiji cha Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, na mwaka 1970 alichapisha utafiti mkubwa kuhusu ibada na alama za Wazaramo, hususan za wanawake. Alionyesha kwamba ngoma hizo hazikuwa za mgonjwa peke yake. Ndugu waliogombana walilazimika kukaa pamoja usiku kucha, kuchangia gharama na kusema yaliyokuwa moyoni. John Janzen, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kuhusu ngoma za tiba katika nchi za Afrika ya Kati na Kusini, na Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya miji aliyoichunguza.

Historia

Dini na utawala wa kigeni

Uislamu ulienea kutoka pwani kuelekea bara kupitia biashara na ndoa. Haukuondoa ngoma za ukoo, bali ulikaa kando yake. Dufu, maulidi na zikri viliongezwa katika sherehe, na ni kawaida familia moja kusoma maulidi jioni na kupiga ngoma usiku, ingawa wapo mashehe wanaokataza. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Misheni kwa kawaida ziliwakataza waumini kushiriki unyago, ijapokuwa katika maeneo mengine ya Tanganyika, kama vile Masasi, Waanglikana walijaribu kuuingiza jando katika utaratibu wa Kanisa.

Ujenzi wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam ulianza mwaka 1905, ukapita Pugu, Soga na Ruvu. Reli ilileta vibarua kutoka mbali pamoja na ngoma zao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, ilishamiri Dar es Salaam kwa ushindani wa vyama vya Marini na Arinoti. Vijana kutoka vijiji vya Uzaramo waliokwenda mjini kutafuta kazi waliiona na kurudi na mitindo mipya.

Baada ya uhuru

Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliunda wizara yenye jukumu la utamaduni, na baadaye kikundi cha taifa cha ngoma kikakusanya ngoma za makabila mbalimbali kwa ajili ya jukwaa. Ngoma ya kukesha ilifupishwa ikawa ya dakika chache, nyimbo za Kizaramo zikabadilishwa kuwa za Kiswahili, na maneno ya unyago yakapisha sifa za taifa, kilimo na umoja. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kimefundisha ngoma za pwani kwa wanafunzi wa kabila lolote. Kwa njia hiyo ngoma zilipata wachezaji wapya, huku zikitengana na koo zilizokuwa zinazimiliki.

Athari katika muziki wa kisasa

Bendi za dansi za Dar es Salaam zilichota katika kisima cha ngoma za pwani. DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina linalotokana na ngoma ya Wazaramo, pamoja na kibwagizo "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Mahasimu wake wa jadi, bendi iliyoanza katika miaka ya 1960 kama NUTA Jazz na baadaye kuitwa JUWATA na OTTU, walitumia jina la Msondo Ngoma. Hivyo ushindani mkubwa kuliko wote wa muziki wa dansi nchini ulibeba majina mawili ya ngoma za pwani.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, vijana waliounganisha ngoma za aina ya mdundiko na kinanda kidogo cha umeme na vipaza sauti vya bei nafuu walizalisha mchiriku. Kundi la Jagwa Music liliufikisha muziki huo Ulaya, na mwaka 2012 lilitoa albamu ya Bongo Hotheads. Kutoka katika mchiriku na muziki wa vigodoro ilizaliwa singeli, yenye kasi kubwa na sampuli za kompyuta. Mwimbaji Msaga Sumu ni miongoni mwa walioitangaza. Ngoma ya mtaani, manju anayerusha maneno na umati unaoitikia vimebaki vilevile. Kilichobadilika ni chombo.

Hali ya sasa

Mabadiliko makubwa kuliko yote yamegusa ngoma za mwali. Kumweka msichana ndani kwa muda mrefu kuna maana ya kumtoa shuleni, na mara nyingi kutoka kwa mwali kulifuatwa na posa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Familia nyingi sasa hufupisha kipindi cha ndani kiwe cha majuma machache ya likizo, au humcheza binti akishamaliza shule, hata siku chache kabla ya harusi yake.

Mjadala haujaisha. Walimu na watetezi wa haki za watoto wanasema mafundisho ya ndoa kwa mtoto wa miaka 12 au 13 humtayarisha mapema kwa jambo asiloliweza. Makungwi nao hujibu kwamba binti asiyefundishwa na wakubwa atafundishwa na mtaa, na kwamba wanachohitaji ni kupanga upya umri na maneno, si kufuta ngoma. Katika baadhi ya shughuli, mafundisho ya usafi, hedhi na afya yamebaki, na yale ya ndoa yakasogezwa mbele.

Tatizo jingine ni ardhi. Dar es Salaam imepanuka hadi kuingia Kibaha na Kisarawe, mashamba yamekatwa viwanja, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imepungua kwa ukataji wa kuni na mkaa. Ngoma ya mkole inahitaji mti wa mkole na faragha inayouzunguka. Mahali palipojengwa nyumba za kupanga, wanawake hulazimika kwenda mbali kuutafuta mti, au kukata tawi na kulisimika uani ndani ya uzio wa makuti.

Lugha pia inapungua. Watoto wengi wa Kibaha na Kisarawe hukua wakizungumza Kiswahili, na nyimbo za Kizaramo huimbwa na watu wasioelewa kila neno. Kwa kuwa mafundisho yamo ndani ya maneno na mafumbo yake, wimbo unaweza kubaki na mdundo wake huku somo lake likiwa limepotea.

Kuhifadhi

Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, ambao unazitambua nyimbo, ngoma na sherehe kuwa urithi unaostahili kulindwa. Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam yana nyumba za jadi za makabila mbalimbali na huandaa maonyesho ya ngoma. Vikundi vya ngoma vya vijijini hualikwa katika mbio za Mwenge, mikutano ya hadhara na harusi, na malipo hayo husaidia kununua ngozi na kuwaweka wapigaji pamoja.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ngoma hizi haiwezi kuonyeshwa jukwaani wala kurekodiwa, kwa sababu ni siri ya walioingia. Uhai wake unategemea makungwi, mamanju na masogora wenyewe, na kama watapata vijana wa kuwarithisha.